Biashara ya samaki wa kuchoma Nachingwea na Ruangwa ianze jikoni, si bwawani

Msimu wa ufuta unapofika na minada kuanza kwenye vyama vya msingi, wilaya za Nachingwea na Ruangwa hubadilika. Fedha huingia mifukoni, pikipiki mpya huonekana barabarani, na vibanda vya chakula hujaa kuanzia asubuhi hadi usiku. Baada ya ufuta hufuata mbaazi, na kuanzia Oktoba ni zamu ya korosho. Kwa miezi mingi ya mwaka mkulima wa wilaya hizi ana fedha ya kula vizuri. Swali ni moja: anapoamua kula samaki, fedha hiyo inabaki wapi?

Jibu halifurahishi. Samaki wengi wanaoliwa katika miji hii miwili hufika wakiwa wamekwisha kaangwa au kukaushwa, kutoka Lindi, Kilwa na Mtwara, na wengine kutoka mbali zaidi. Mchuuzi wa Nachingwea anauza kitu ambacho kazi yote imekwisha kufanywa na mtu mwingine. Faida inayombakia ni ya kubeba tu. Wakati huo huo, samaki mbichi anayechomwa kwenye mkaa, akapakwa viungo na kuletwa mezani akiwa wa moto, ni chakula ambacho watu wa mijini wanakilipia bei ya juu bila kunung'unika.

Anayetaka ushahidi aende Dar es Salaam kwenye migahawa ya ufukweni, au Forodhani, Unguja, jioni. Samaki yuleyule aliyeuzwa mnadani kwa bei ya wavuvi huuzwa akiwa amechomwa kwa bei ya juu mara kadhaa. Hakuna kiwanda kilichohusika. Kilichohusika ni moto, chumvi, ndimu, pilipili, tui la nazi na mtu anayejua kazi yake.

Mfano mkubwa zaidi uko ng'ambo ya bahari, katika nchi za Indonesia na Malaysia. Huko samaki wa kuchoma huitwa ikan bakar, na ni biashara inayolisha mamilioni ya watu, kuanzia wenye mikokoteni ya mitaani hadi wenye migahawa mikubwa ya mijini. Katika ufukwe wa Jimbaran kisiwani Bali, mteja huchagua samaki mwenyewe, anapimiwa kwa kilo, kisha anachomewa juu ya moto wa makumbi ya nazi. Kule Umbai, karibu na mji wa Melaka nchini Malaysia, watu husafiri kutoka mbali kwa ajili ya samaki aliyepakwa pilipili ya kusaga na kufunikwa kwa jani la mgomba.

Vitu vinavyotumika si vigeni kwa mtu wa Lindi. Ni pilipili, vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, manjano, mchaichai na ukwaju. Waindonesia huongeza sosi nyeusi tamu ya soya, na hapo ndipo tofauti inapoanza. Vingine vyote vinapatikana sokoni Nachingwea, na ukwaju huota wenyewe porini. Hata nazi, ndizi na ngalawa yenye mirengu miwili, wataalamu wengi wanaamini vilifika pwani hii vikitokea upande huo wa dunia karne nyingi zilizopita. Kwa hiyo hakuna anayeambiwa aige upishi usiomhusu. Samaki wa kupaka wa mswahili na ikan bakar ni ndugu.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya samaki wanaochomwa katika miji ya bara ya Indonesia, mbali na bahari, ni perege na sato, yaani samaki wenye asili ya Afrika. Mwaka 1939, katika kisiwa cha Java, mtu mmjoa aitwaye Mujair alikuta perege wa asili ya Msumbiji kwenye mdomo wa mto, akawazoeza kuishi katika maji baridi ya bwawani. Hadi leo samaki huyo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1969 Indonesia ikaingiza sato kutoka Taiwan. Leo nchi hiyo ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa samaki wa jamii hiyo, nyuma ya China. Samaki wa Afrika wanatajirisha watu wa Asia, wakati ndugu zao wa hapa wanakula samaki aliyekauka.

Ukisikia habari hizi, ni rahisi kukimbilia jembe na kuanza kuchimba bwawa. Hapo ndipo penye hatari, na ndipo penye sababu ya tahariri hii. Si siri kwamba katika maeneo mengi nchini mabwawa yalichimbwa kwa shangwe, vifaranga wakapandikizwa mbele ya viongozi, na baada ya msimu mmoja au miwili yakabaki madimbwi ya vyura. Chanzo si uvivu wa wakulima. Chanzo ni kuanza mwisho: bwawa kwanza, chakula cha samaki baadaye, na mnunuzi hajulikani ni nani.

Nachingwea, kuliko wilaya nyingine yoyote, ina historia ya kufundisha somo hili. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalikuja, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandikwa hadi Nachingwea. Kilichokosekana ni kitu kidogo: kuujua udongo na mvua za mahali kabla ya kutumia fedha. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Wazee wa wilaya hiyo wanaikumbuka habari hii. Mkulima mwenye shilingi laki saba za ufuta hana pauni milioni 36 za kupoteza.

Ndiyo maana ushauri unaofaa ni kuanza na jiko kabla ya bwawa. Mwenye jiko la kuchomea anaweza kuanza kwa pipa lililopasuliwa katikati, wavu wa chuma, meza mbili na boksi la barafu. Anaweza kununua samaki wachache wabichi kutoka Lindi, akapima kama wateja wanakuja, wanalipa kiasi gani, na wanapenda samaki wa ukubwa gani. Akishindwa, amepoteza kidogo na pipa lake anaweza kuchomea mahindi. Akifaulu, sasa kuna mnunuzi, na ndipo jirani yake mwenye maji ana sababu ya kuchimba bwawa.

Hesabu inaonyesha jambo hili vizuri. Chukulia mfano wa bwawa la mita za mraba 200, lililopandikizwa vifaranga 3 kwa kila mita ya mraba, yaani vifaranga 600. Tuseme 480 wanafika kuvunwa, kila mmoja akiwa na gramu 250. Hizo ni kilo 120. Bei zinazofuata ni za mfano tu, na kila msomaji aweke za kwake. Vifaranga kwa shilingi 200 kila mmoja ni shilingi 120,000. Chakula kilo 192 kwa shilingi 2,500 ni shilingi 480,000. Jumla ni shilingi 600,000, bila gharama ya kuchimba. Akiuza kilo kwa shilingi 8,000 anapata shilingi 960,000. Kinachobaki ni shilingi 360,000 kwa kazi ya miezi saba.

Sasa tazama upande wa mchomaji. Samaki mmoja wa gramu 250 amemnunua kwa shilingi 2,000. Akitumia shilingi 900 kwa viungo, mafuta, mkaa na ugali au ndizi, kisha akauza sahani kwa shilingi 4,000, anabakiwa na shilingi 1,100. Kwa samaki 480 hizo ni shilingi 528,000, kabla ya kodi ya kibanda na ujira wa msaidizi. Samaki ni walewale, lakini mwenye jiko hakusubiri miezi saba. Fedha yake ilizunguka kila siku.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia mahali mkulima anapoumia. Samaki wakizaliana ovyo na kujazana bwawani, hudumaa. Wakifika gramu 150 badala ya 250 kwa chakula kilekile, mavuno ni kilo 72, mauzo shilingi 576,000, na mkulima amepata hasara ya shilingi 24,000 hata kabla ya kulipia uchimbaji. Zaidi ya hapo, samaki wa gramu 150 hafai kuchomwa. Anakauka mkaani na mteja anahisi ameibiwa. Ndiyo maana wafugaji makini hununua vifaranga wa dume watupu kutoka kwenye vituo vinavyoaminika, hata kama bei yake ni kubwa kuliko ya vifaranga wa kuokota mtoni.

Kwa wale watakaofika hatua ya bwawa, mambo matatu hayana mjadala. La kwanza ni udongo. Udongo wa kichanga haushiki maji. Mkulima achimbe shimo la kina cha kiuno, alijaze maji jioni, na asubuhi atazame. Kama maji yamekwenda na hata baada ya kujazwa tena yanapotea upesi, mahali hapo si pa bwawa. La pili ni maji. Wilaya hizi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Bwawa la kutegemea mvua lipandikizwe mapema, kwenye Januari, ili livunwe Julai au Agosti kabla maji hayajapungua. La tatu ni chakula. Pumba za mahindi peke yake hazikuzi samaki kwa kasi. Zinahitaji kuchanganywa na kitu chenye protini kama dagaa waliosagwa, mashudu ya ufuta au ya alizeti. Mbaazi zilizovunjika zisizouzika mnadani zinaweza kuingia kwenye mchanganyiko, mradi zipikwe kwanza.

Kalenda hii ina faida ambayo wafanyabiashara wanapaswa kuiona. Upepo wa kusi unapovuma, tangu kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na wavuvi wadogo wengi wa Lindi na Kilwa hushindwa kwenda mbali. Samaki wa bahari hupungua na bei hupanda. Ni kipindi hichohicho ambapo fedha za ufuta na mbaazi zinazunguka Nachingwea na Ruangwa. Bwawa linalovunwa Julai na Agosti linajaza pengo hilo. Kaskazi ikirudi na bahari kutulia, mchomaji anarudi kwa changu, kolekole na nguru wa Lindi, na msimu wa korosho unamkuta na bidhaa. Jiko moja linaweza kufanya kazi mwaka mzima kwa kutumia bahari na bwawa kwa zamu.

Kuhusu samaki wa bahari, kikwazo ni barafu. Watu wa wilaya hizi hawakuzoea samaki wa kukaanga kwa sababu hawapendi mbichi. Kukaanga kulikuwa njia ya kumfikisha salama. Katika joto la mikoa ya kusini, samaki wa safari huhitaji karibu kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Mchuuzi anayebana barafu ili kubeba samaki wengi anajidanganya. Mteja wa samaki wa kuchoma hafichwi kitu kwa mafuta na unga. Macho yawe maangavu, mashavu yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi. Samaki ambaye uti wake umevunjika na ndani ana damu iliyovilia huenda alivuliwa kwa baruti, uovu ulioitesa pwani ya Lindi na Mtwara kwa miaka mingi kabla ya msako mkali wa miaka ya 2016 hadi 2018. Mchuuzi anayemkataa samaki wa aina hiyo analinda riziki yake ya kesho.

Upo pia uwezekano wa kupandisha thamani ya samaki wanaodharauliwa. Malaysia na Singapore zamani taa alikuwa samaki wa bei ya chini asiyepewa heshima. Wapishi walipompaka pilipili na kumchoma juu ya jani la mgomba, akawa chakula cha kutafutwa. Pwani ya kusini taa huishia kukaushwa na kuuzwa rahisi. Tahadhari ni kwamba taa huzaa wachache na hukua polepole, hivyo hafai kuwa tegemeo la biashara kubwa. Somo ni kwamba bei ya samaki haitoki baharini peke yake, hutoka pia kwa mpishi.

Haiwezekani kuzungumzia samaki wa mkaa bila kuzungumzia mkaa wenyewe. Tanuri la kienyeji la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za miti. Misitu ya Nachingwea na Ruangwa si mali ya kuchezea. Ndiyo inayoshika maji ya vijito ambavyo wafugaji wa samaki watavitegemea. Serikali nayo imeonyesha mwelekeo wake. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Mchomaji mdogo wa samaki si taasisi ya watu 100, na kuchoma samaki hakuli mkaa kama kuchemsha maharage. Hata hivyo, si busara kujenga biashara juu ya gunia lililopita njia za panya usiku. Anunue mkaa wenye kibali, hasa kutoka vijiji vyenye misitu yao iliyotengwa na mipango ya uvunaji, ambako mapato yanarudi kijijini. Atumie pia vifuu na makumbi ya nazi, pamoja na matawi yanayokatwa mikorosho inapopogolewa. Kitu kimoja asithubutu: kuchomea chakula kwa maganda mabichi ya korosho. Mafuta yaliyomo yanaunguza ngozi, na moshi wake unakera macho na kifua. Maganda hayo yanafaa kwa nishati pale tu yanapokamuliwa mafuta na kugeuzwa mkaa kwa utaratibu wa kiwandani.

Soko lipo. Mbali na fedha za minada, Ruangwa ina timu ya Namungo iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na siku za mechi katika Uwanja wa Majaliwa mji hufurika wageni. Uchimbaji wa madini ya kinywe umeleta wafanyakazi wenye mishahara ya kila mwezi. Nachingwea ina vyuo, shule na watumishi wengi wa umma. Hawa wote wanakula, na wengi wao wamewahi kuonja samaki wa kuchoma walikotoka.

Halmashauri za wilaya hizi mbili zina wajibu ambao haupaswi kukwepwa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, isiishie kwenye pikipiki na viti vya kukodisha. Kikundi kimoja cha mama lishe kikikopeshwa jiko na jokofu, na kingine cha jirani kikikopeshwa bwawa kwa makubaliano ya kuuziana, mikopo hiyo miwili inalindana. Mwenye bwawa ana mnunuzi, na mwenye jiko ana samaki. Lakini kikundi kisipewe fedha za bwawa kabla afisa uvuvi hajakagua udongo na maji kwa miguu yake, na kabla hakijaonyesha ni nani atakayenunua.

Utaalamu hauko mbali. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi Mikindani mkoani Mtwara, na serikali ina kituo cha ukuzaji viumbe maji Nyengedi, mkoani Lindi, na kingine Ruhila, Songea. Halmashauri zipange safari ya mafunzo kwa wakulima watano au kumi wenye nia, badala ya semina ya ukumbini yenye posho na soda.

Vilevile halmashauri zitenge eneo moja la wachoma samaki katika kila mji, lenye maji safi, taa, choo na mahali pa kutupa taka. Wachomaji wakikaa pamoja, wateja huja kwa wingi, kama inavyoonekana Forodhani na Jimbaran. Wakitawanywa na kufukuzwa kila wiki, hakuna atakayejenga jina. Mizani iwepo, bei iandikwe ubaoni, na mgeni asitozwe tofauti na mwenyeji.

Barabara ni suala la taifa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi, mikoa ya kusini ilijionea gharama ya kutegemea bidhaa zinazotoka mbali. Chakula kinachozalishwa, kuchomwa na kuliwa ndani ya wilaya hakisubiri daraja litengenezwe.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Msimu wa fedha ukipita, hakuna anayekumbuka jiko. Vyama vya msingi, ambavyo ndivyo vinavyokutana na mkulima siku anapolipwa, vina nafasi ya kumweleza kwamba sehemu ndogo ya malipo yake inaweza kuanzisha pipa, wavu na boksi la barafu. Bwawa litafuata wateja wakishapatikana, na litachimbwa na mtu anayejua atamuuzia nani.